Siku za Mtu Aachaye Tumbako



Mwalimu mmoja wa upande wa Kilosa ametuletea barua, nasi twaitia hapa kwa kifupi. Asema: “Mzee wangu, shikamoo. Mzee mmoja wa kanisa katika mtaa wetu ameacha sigara, leo ni siku ya kumi na mbili. Sote tulifurahi, maana alivuta tangu ujana wake. Lakini tangu siku ile amekuwa mtu mwingine. Amemfokea mtunza hazina mbele ya watu kwa ajili ya shilingi mia tano. Amewafukuza vijana wa kwaya waliokuja kuazima taa. Jumapili iliyopita hakuonekana ibadani, na mke wake asema hakulala usiku kucha. Wazee wenzake wanena kwamba ameacha neno dogo na kushika kubwa, na baadhi yao wataka aondolewe katika uzee. Kikao ni mwisho wa mwezi. Nifanyeje?”

Swali hili limetugusa, nasi twataka kulijibu kwa urefu, kwa kuwa sisi tuandikao habari hii tulivuta sigara miaka 19, tangu mwaka 1994 hata mwaka 2013. Tulivuta kumi kwa siku, ambazo ni 3,650 kwa mwaka. Mwenye kupenda hesabu na azidishe, ataona kwamba tuliteketeza sigara 69,350. Basi tunayoyasema juu ya siku za kuacha, mengine tumeyasoma kwa matabibu, na mengine yametupata wenyewe hapa Dumila.

Kwanza yafaa kujua ni kitu gani kinachomshika mvutaji. Katika jani la tumbako mna sumu iitwayo nikotini. Mtu avutapo moshi, nikotini huingia mapafuni, ikachukuliwa na damu, na kwa muda wa sekunde kumi hivi imekwisha kufika katika ubongo. Huko huamsha furaha kidogo na utulivu kidogo. Lakini haikai. Kwa muda wa saa mbili hivi nusu yake imekwisha kutoka katika damu, na ubongo waanza kuuliza nyingine iko wapi.

Mfano wake ni huu. Mtu mwenye nyumba ya vyumba viwili ajiwa na wageni kumi kila siku. Mwisho ataona taabu, ataongeza vyumba, hata nyumba ikawa kubwa kama nyumba ya wageni ya kituo cha mabasi. Siku moja wageni wakome kuja. Vyumba vyote vi wazi, mishumaa inawaka bure, na mwenye nyumba hawezi kulala kwa ukiwa. Ndivyo ulivyo ubongo wa mvutaji. Matabibu wameona kwamba huongeza milango ya kuipokea nikotini, na sigara ikikatwa, milango ile hubaki wazi ikidai. Hufungwa tena, walakini si kwa siku moja. Yahitaji majuma kadhaa. Taabu yote aipatayo mtu aachaye ni taabu ya majuma hayo ya kufunga vyumba.

Sisi tuliacha siku ya Jumatatu, mwezi wa Septemba mwaka 2013. Siku ya kwanza ilikuwa siku ya majivuno. Tuliwaambia watu wa sokoni, tukaupa mkebe wetu wa kiberiti kwa jirani, tukaenda kupakia nyanya kama ilivyo kazi yetu. Tulitamani sigara mara nyingi, ni kweli, lakini tulikuwa na nguvu ya mtu aliyetoka kuapa. Hatukujua kwamba siku ya kwanza ndiyo nyepesi.

Siku ya pili kichwa kiliuma tangu alfajiri. Siku ya tatu tulikuwa hatuwezi kuhesabu matenga. Tulihesabu hata ishirini, tukasahau, tukaanza tena, na dereva wa lori akitungoja huku akipiga honi. Mikono ilitetemeka, jasho lilitutoka, na usiku usingizi ulikuja kwa vipande. Tukasema, hii ni homa ya malaria, kwa kuwa katika bonde hili kila kichwa kiumacho huitwa malaria. Tukaenda zahanati, tukatobolewa kidole, wakatuambia hakuna malaria. Mhudumu akatuuliza, “Je, mzee, kuna kitu umekiacha?” Tulipomwambia akacheka kidogo, akasema, “Basi ndicho hicho. Rudi nyumbani, unywe maji, uvumilie.” Twamshukuru hata leo, maana asingaliuliza, tungalirudi na vidonge tusivyovihitaji.

Lakini lililo zito kuliko kichwa ni hasira. Juu ya hili twawaomba wazee wa mtaa ule wasome polepole.

Hasira ya mtu aachaye tumbako si kama hasira nyingine, yenye kisa na mwanzo. Ni kama ngozi iliyochunika: kila kitu kigusacho huuma. Kijiko kikianguka, mtoto akicheka, mtu akirudia swali, yote huwa kama matusi. Siku ya nne mtoto wa ndugu yetu, tunayemlea, alimwaga maji ya kuoga mlangoni. Maji tu, tena kidogo. Tulimwambia maneno ambayo hatutayaandika katika gazeti, naye akaenda kulala kwa bibi yake. Jioni mke wetu akaja, akakaa karibu nasi, akasema kwa upole, “Baba, tumwagize mtoto akuletee sigara moja. Afadhali moshi kuliko hivi.” Neno lile lilituchoma kuliko kama angalitugombeza. Mwanamke yule alikuwa ametuomba tuache muda wa miaka kumi na tano, na sasa alikuwa radhi kuturudishia kwa mkono wake.

Basi, ninyi wazee, mjue kwamba hii ni dalili ya mwili, kama vile tetemeko ni dalili ya homa. Matabibu huitaja hasira pamoja na huzuni, kukosa utulivu, kukosa usingizi na kushindwa kukaza fikira, kuwa ndizo dalili za nikotini kutoka. Huanza katika siku ya kwanza, huwa kali kupita kiasi kati ya siku ya pili na mwisho wa juma la kwanza, kisha hupungua kidogo kidogo, na kwa watu wengi nyingi zake huwa zimekwisha kwa muda wa majuma matatu au manne. Mzee wenu yu katika siku ya kumi na mbili. Mnataka kumhukumu mtu aliye katikati ya mto.

Hatusemi kwamba mwenye kuacha ana ruhusa ya kuumiza watu. Mtoto yule alikuwa na haki yake, nasi tulikwenda kwa bibi yake kumwomba radhi. Mtunza hazina naye ana haki yake. Lakini kumtaka mtu aombe radhi ni jambo moja, na kumwondoa katika kazi yake ni jingine.

Mambo mengine ya mwili tutayapitia upesi. Njaa huja, tena njaa yenye kutaka vitu vitamu. Watu wengi huongezeka kilo nne au tano katika mwaka wa kwanza, nasi tuliongezeka sita, kwa sababu ya maandazi ya stendi. Tumbo huwa gumu kwa siku kadhaa. Kinywa hutoka vidonda vidogo. Na kikohozi, badala ya kupungua, huweza kuzidi katika majuma ya kwanza, nao watu husema, “Tazama, kuacha kumemletea maradhi.” Sivyo. Mapafu yana vinyweleo vidogo sana ambavyo kazi yake ni kufagia uchafu. Moshi uliwalaza wafagiaji hao, na sasa wameamka. Lakini hapa twatia onyo: kikohozi kipitacho majuma mawili kisiachwe kwa kisingizio cha tumbako. Mtu apeleke makohozi yake yapimwe, kwa maana mvutaji yu katika hatari ya kuugua kifua kikuu karibu mara mbili kuliko asiyevuta.

Kuna na furaha pia, ambayo watu hawaitaji sana. Siku ya tano hivi tulisikia harufu ya mvua kabla haijafika. Tulikuwa tumeisahau. Na nyanya, ambazo tumezinunua na kuziuza miaka mingi, tulikuwa hatujui kwamba nyanya ya Dumila iliyoivia shambani ina harufu yake mbali na ile iliyoivia ndani ya tenga.

Sasa tuje kwenye jambo ambalo vitabu vya matabibu hulitaja kwa mstari mmoja, nalo kwetu lilikuwa kubwa kuliko yote. Ile shauku ya sigara haikai siku nzima. Huja kama wimbi, hudumu dakika chache, mara nyingi hazizidi tano, kisha hupita, mtu avute asivute. Mtu akilijua hili amepata silaha: si lazima ashinde mwaka, ashinde dakika tano. Anywe maji, atembee hata mwisho wa kiwanja, atafune muwa. Haya ni kweli, nasi tuliyatumia. Lakini mawimbi haya yana mahali pake na saa zake. Chai ya asubuhi yaiita sigara. Kikao kirefu chaiita. Hapa petu, penye njia panda ya kwenda Kilosa, mabasi ya Dodoma na ya Dar es Salaam husimama, na wanaume husimama kando ya barabara kungoja mizigo. Pale ndipo palipokuwa na ushirika wetu. Mtu hutoa moja, mwingine huwasha, habari za bei huzunguka pamoja na moshi. Ukiacha sigara, mikono yako haijui ikae wapi. Wenzako hawakufukuzi, lakini ile duara yafungwa, nawe u nje. Siku zile tulijiona kama mtu aliyefiwa, na tuliona haya kusema, maana ni nani awezaye kuvaa kaniki kwa ajili ya sigara?

Tulifarijika kidogo tulipojua kwamba hatukuwa wa kwanza kuipenda. Johann Sebastian Bach, ambaye nyimbo zake twaziimba katika makanisa yetu, alikuwa na familia yenye daftari ya muziki, ya mkewe Anna Magdalena, iliyoanzwa mwaka 1725, na ndani yake mna wimbo wa mtu anayetafakari maisha yake akiutazama moshi wa kiko. Siku hizo hakuna aliyejua aliyokuwa akiyavuta. Sisi twajua, na shida yetu ndiyo hiyo.

Ndoto nazo zilitufuata. Mara kwa mara, hata baada ya miezi, tuliota tumevuta. Tuliamka na uchungu wa hatia, tukanusa vidole gizani kuhakikisha kwamba havina harufu. Wenye kuacha wengi huota hivyo, na si dalili kwamba mtu amerudi nyuma.

Lakini sisi tulirudi nyuma, tukiwa macho.

Tarehe 22 Januari 2014, baada ya mvua kubwa, mto Mkundi ulifurika ukaingia Dumila na Magole. Nyumba nyingi ziliharibiwa, watu walipanda juu ya mapaa na miti, na daraja la barabara kuu likaharibika, hata njia ya Morogoro na Dodoma ikakatika. Magari yalisimama pande zote mbili, mlolongo mrefu. Tulikuwa na mzigo uliooza mbele ya macho yetu, na jamaa waliokuwa hawajulikani walipo. Tulisimama kando ya maji tangu asubuhi. Mtu tusiyemjua, dereva aliyelowa kama sisi, akatoa paketi, akatuchagulia moja bila kuuliza. Tukaipokea. Tulikuwa tumemaliza miezi minne bila moshi. Ile ya kwanza ilitutia kizunguzungu, wala haikuwa tamu. Hata jioni tulikuwa tumevuta saba.

Twaandika haya ili mtu asidhani kwamba mwezi ukipita hatari imekwisha. Mwili hutulia kwa majuma, lakini kumbukumbu hukaa njiani miaka, ikingoja msiba, au furaha, au pombe kidogo. Jamaa zetu walipatikana wazima, nasi tulibaki na sigara hadi mwezi wa Juni. Tena tuliificha. Tulivuta nyuma ya ghala tukatafuna majani ya mwarobaini, tukaingia nyumbani tukisalimu kwa mbali. Twaamini miezi ile mitano ya kujificha ilituumiza kuliko miaka 19 ya kuvuta hadharani. Mke wetu alijua tangu siku ya kwanza, wala hakusema. Siku tuliyomwambia tunaanza upya alijibu, “Haya,” akatoka kwenda kusonga ugali.

Mara ya pili tulijua njia. Tulijua siku ya tatu itakuja, tukawaambia watu wa nyumbani kabla: siku fulani hadi siku fulani mtaniona mbaya, msinijibu, na mtoto asilale mbali. Tuliacha kwenda njia panda jioni kwa mwezi mmoja. Haikuwa rahisi, ila haikuwa tena jambo geni. Tangu Juni 2014 hatujavuta.

Wapo watakaouliza, kama taabu ni hii, na mtu amekwisha kuzeeka, ya nini? Wajibiwe kwa hesabu. Huko Uingereza tabibu Richard Doll na mwenzake Austin Bradford Hill walianza mwaka 1951 kuwafuata matabibu wanaume zaidi ya 34,000, wavutao na wasiovuta, na hesabu ya miaka 50 ilitolewa mwaka 2004. Waliovuta maisha yao yote walikufa mapema kwa kadiri ya miaka kumi kuliko wasiovuta. Lakini walioacha wakiwa na umri wa miaka 60 walijipatia kadiri ya miaka mitatu, wa miaka 50 miaka sita, wa miaka 40 miaka tisa, na walioacha wakiwa na miaka 30 waliirudisha karibu yote kumi. Doll mwenyewe alikuwa mvutaji, akaacha kwa ajili ya yale aliyoyaona katika kazi yake. Na hatari ya moyo haingoji miaka mingi: kwa mwaka mmoja tu huweza kushuka karibu nusu.

Juu ya msaada, twasema hivi. Katika kila watu 100 wajaribuo peke yao bila msaada wowote, watano hivi tu, au pungufu, husimama hata mwaka utimie. Kwa hiyo aangukaye asionwe kuwa kioja. Ipo dawa ya nikotini isiyo na moshi, vibandiko vya ngozi na ubani wa kutafuna, ambayo Shirika la Afya Duniani limeitia katika orodha yake ya dawa za lazima tangu mwaka 2009. Kama wasioitumia wakifaulu kumi, walioitumia hufaulu kumi na watano hivi. Sisi hatukuipata, lakini mtu aulize katika hospitali kubwa. Ugoro si dawa. Wazee wengine huambiana kwamba ugoro humsaidia mtu kuacha sigara. Nao una nikotini ileile, na huleta kansa ya kinywa.

Jambo moja jingine, maana tumelisikia likisemwa vibaya. Morogoro mjini tumbako ya Tabora na ya kwingineko imesindikwa viwandani miaka mingi, na wako wakristo wenzetu waliosomesha watoto kwa mshahara wa kazi ile. Habari hii haikuandikwa kuwaaibisha hao.

Sasa, mwalimu, kwa habari ya mzee wako. Tulikuandikia haya siku ileile barua yako ilipofika, nasi twayarudia ili wengine wayapate. Nenda kwake jioni, saa ambayo alikuwa akivuta. Mke wake atakuambia ni saa ipi. Usiende na hotuba. Nenda na kazi ya mikono, kama kupukuchua mahindi au kutengeneza jembe, mkae mfanye. Usimsifu mno, kwa kuwa mtu aliyesifiwa mno huona haya kukiri akianguka, naye ataenda nyuma ya ghala kama sisi. Mwambie siku zake zina mwisho, umhesabie. Mtunza hazina umweleze peke yake, kabla mzee hajaja kumwomba radhi, ili ampokee vema. Na kikao uwaombe wakisogeze mbele hata majuma sita yatimie.

Mwalimu ametujibu kwa karatasi fupi. Wazee walibishana, kisha wakakubali kungoja. Mzee amekwenda kwa mtunza hazina, wakamaliza. Kwa vijana wa kwaya bado hajaenda, lakini amewapelekea taa. Asema sasa analala hadi saa tisa ya usiku.